Asali ya Zawadi Ipimwe kwa Mizani Gani?



Mtu wa Tabora akisafiri hana budi kubeba asali. Aendaye Dar es Salaam kumwona mkwewe, aendaye Mwanza kwenye harusi, kijana arudiye chuoni, mzee aendaye kumshukuru mtu aliyemtendea wema: wote hao hutazamiwa wafike na chupa, dumu au ndoo ndogo ya asali. Akifika mikono mitupu, wenyeji humtania, "Je, nyuki wa Tabora wamehama?" Wengine huongeza karanga, uyoga mkavu wa porini, matobolwa, au achari ya maembe iliyopikwa nyumbani, maana miembe tunayo tangu zama za misafara. Lakini katika vyote hivyo asali ndiyo mkubwa wao. Huingia jikoni, huingia katika chai na uji, huingia katika dawa ya kifua, na kwa wengine huingia katika pombe ya wanzuki. Na zaidi ya yote huingia katika urafiki.

Mwezi huu twataka tufikiri pamoja juu ya swali moja lionekanalo dogo. Je, zawadi yapasa kupimwa kwa kweli ile ile ipimayo biashara? Au yule apewaye bure hana haki ya kudai neno lo lote?

Twauliza hivi kwa sababu liko neno tulisikialo mara kwa mara sokoni na stendi, hata miongoni mwetu sisi waumini wa Isevya. Mtu anainua chupa mbili. Moja ni ya bei, nyingine ni rahisi mno. Anajua vizuri kwamba ile rahisi haiwezi kuwa asali tupu kwa bei ile. Anafikiri kidogo, kisha anaichukua ile rahisi na kusema, "Aa, ni zawadi tu." Hilo neno "tu" ndilo tunalotaka kulichunguza.

KAZI ILIYOMO NDANI YA CHUPA

Kwanza tuitazame asali yenyewe. Misitu ya miombo izungukayo mji wetu, kuelekea Uyui, Sikonge, Urambo na Kaliua, ni shamba ambalo hakuna mwanadamu aliyelipanda. Miti yake ikitoa maua, nyuki huenda kuchukua maji matamu yaliyomo. Maji hayo si asali bado. Sehemu yake kubwa ni maji matupu. Nyuki huyabeba mzingani, hupokezana mdomo kwa mdomo, kisha huyapepea kwa mbawa zao mpaka ule umaji upungue. Yakiwa tayari huyaziba kwa nta nyeupe. Asali iliyoiva vizuri, maji yake hayazidi sehemu 20 katika 100, na kipimo hicho ndicho kilichoandikwa pia katika kanuni za kimataifa za chakula. Yakizidi hapo, asali huumuka na kuchachuka.

Wataalamu hukadiria kwamba nyuki mtenda kazi mmoja, ambaye katika majira ya maua huishi wiki sita hivi, hutengeneza katika maisha yake yote kama sehemu moja ya kumi na mbili ya kijiko cha chai. Basi kijiko kimoja tutiacho kikombeni asubuhi ni kazi ya maisha ya nyuki kumi na wawili. Hatusemi haya ili watu waogope kula asali. Twasema ili tujue kwamba kitu hiki hakikupatikana kwa urahisi.

Tena iko kazi ya mwanadamu. Mrina asali huenda mbali porini, hulala kambini, hupanda mti usiku na moshi mkononi, na nyuki wetu wa nchi hizi sifa yao ya ukali yajulikana duniani kote. Mzinga wa gogo huchongwa kwa siku, hubebwa kwa bega, hutundikwa juu kwa kamba. Kazi hii ni ya wazee wetu tangu kale. Serikali ya wakati wa Tanganyika iliianzishia idara yake mwaka 1949. Ushirika wa wafuga nyuki wa Tabora ulizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi ilipokuwa changa. Tena hapa hapa mjini tuna chuo cha kufundisha ufugaji nyuki. Kwa hiyo asali si kitu cha pembeni kwetu. Ni heshima ya mkoa.

ASALI YA UONGO

Sasa tuseme wazi linalosemwa kwa kunong'ona. Iko asali isiyo asali. Mtu huchemsha sukari na maji, huichanganya na asali kidogo ili ipate harufu na rangi, huijaza katika chupa zilizokwisha kutumika, na kuiuza kwa jina la Tabora. Mwingine hatii sukari, ila huongeza maji ili ndoo moja iwe ndoo na nusu. Wa tatu hatii kitu, lakini hurina kabla nyuki hawajaziba masega, kwa kuwa ana haraka ya fedha. Asali yake ni changa, na baada ya muda itachachuka katika kabati la mtu asiye na hatia.

Wengi wetu twadhani tunajua kuitambua. Huyu huchovya njiti ya kiberiti na kuiwasha. Yule hudondoshea tone katika maji, au mchangani, au hutazama kama sisimizi wanaikimbilia. Ndugu, vipimo hivyo vyote havitoshi. Sukari iliyopikwa ikawa nzito nayo hushuka ndani ya maji kama asali. Njiti huwaka au haiwaki kwa kutegemea maji yaliyomo, wala haijui kama utamu ule ulitoka uani au kiwandani. Asali iliyochanganywa kwa ustadi hugunduliwa katika maabara.

Tena vipimo hivyo hudhulumu watu wakweli. Mara nyingi mtu huona asali imeganda chini ya chupa, ikafanya chembechembe, naye hupiga kelele, "Hii ni sukari!" Si lazima iwe hivyo. Asali halisi yaweza kuganda, maana ndani yake mna sukari ya asili ambayo hujitenga na kushikana, hasa wakati wa baridi. Ukiiweka chupa ndani ya maji ya moto ya kiasi huyeyuka tena. Hivyo mrina mwaminifu huitwa mwizi kwa kosa lisilo lake, na mdanganyifu ambaye sharubati yake haijaganda hupewa sifa.

Kumbe basi tunafika hapa: mnunuzi wa kawaida hana jicho la kuona ndani ya chupa. Mizani pekee iliyobaki ni uaminifu wa yule aliyeijaza. Hili tulishike, kwa sababu ndipo hoja yetu inaposimama.

"NI ZAWADI TU"

Wako wasemao hivi: "Mimi sijamwuzia mtu. Nimempa bure. Kama nimempa chupa ya elfu chache badala ya ile ghali, nimemkosea nini? Hakutoa hata senti. Alikuwa hana kitu, sasa ana kitu." Hoja hii yafanana na kweli, na hatupaswi kuitupa kabla ya kuipima.

Tuanze na mnunuzi. Huyu ana silaha tatu. Aweza kuchagua kati ya muuzaji huyu na yule. Aweza kuonja kabla ya kulipa. Tena akikuta amedanganywa aweza kurudi, akafoka, akadai fedha zake, au akaenda kushtaki. Tunayo hata sheria ya ufugaji nyuki ya mwaka 2002, na viko vyombo vya kusimamia ubora wa vyakula.

Sasa tumtazame apewaye zawadi. Hakuchagua. Hakuonja. Wala hawezi kurudisha. Ni mama gani atakayempigia simu mkwe wake na kusema, "Mwanangu, asali uliyoniletea ni sharubati"? Adabu yenyewe humfunga mdomo. Ataipokea kwa mikono miwili, atashukuru, ataisifia mbele ya majirani, na chupa ikianza kutoa povu ataisukuma nyuma ya kabati na kunyamaza.

Yaani zile silaha zote tatu za mnunuzi, apewaye zawadi hana hata moja. Je, kwa sababu hiyo deni letu la kweli kwake limepungua, au limeongezeka? Sisi twaona limeongezeka. Mtu aliye na mizani yake sokoni, ukimpunja anaweza kujitetea. Mtu asiye na mizani, wewe ndiwe mizani yake. Ukipinda, hana pengine pa kupimia.

Tena si kweli kwamba hakulipa. Amelipa shukrani. Amelipa imani yake kwako. Kesho ukiwa na shida atakukumbuka na kusema, "Huyu ndiye aliyeniletea asali kutoka kwao." Mtu apokeaye shukrani ya kweli kwa kitu cha uongo amechukua mali ya mwenzake bila malipo. Kwa hiyo lile neno "tu" halisimami. Tungeweza kusema "ni biashara tu" kwa udhuru zaidi kuliko kusema "ni zawadi tu", ingawa nalo halifai.

UNYONGE SI UONGO

Lakini hapa mtu ataona uchungu na kuuliza, "Je, maskini asitoe? Mjane ambaye hana fedha ya asali ya daraja la kwanza, je, aende mikono mitupu?" La, hasha! Wazee wamesema kutoa ni moyo, si utajiri, na sisi Wakristo tunamkumbuka mjane wa hekaluni ambaye senti zake mbili zilihesabiwa kuwa nyingi kuliko dhahabu za matajiri.

Lazima tutenge vitu viwili. Kuna zawadi duni, na kuna zawadi ya uongo. Asali yenye vipande vya masega, yenye harufu ya moshi, nyeusi, iliyochujwa kwa kitambaa nyumbani, ikawekwa katika kichupa kidogo cha dawa kilichooshwa vizuri, hiyo yaweza kuwa duni machoni pa watu wa mjini, lakini ni ya kweli. Yasema, "Hiki ndicho nilicho nacho." Bali ndoo nzima ya sharubati yenye jina la asali yasema, "Nimekupa kingi," nayo haijatoa. Robo lita ya kweli yafaa kuliko lita tano za uongo. Na kama hata robo lita haipatikani, twende na karanga, na tuziite karanga.

Zawadi ikiwa ndogo, aibu haipo. Aibu iko katika kuifanya ndogo ionekane kubwa.

JUU YA CHUPA NZURI

Siku hizi mambo yamebadilika. Asali ya misitu yetu hutiwa katika chupa za kioo zenye umbo zuri, hupewa kibandiko chenye picha ya nyuki, hufungwa utepe, na kuuzwa katika maduka makubwa ya miji kwa watu watafutao zawadi. Wako vijana wetu wanaotengeneza achari ya maembe, siagi ya karanga, na asali iliyotiwa tangawizi au mdalasini, vyote katika vichupa vidogo vya kupendeza. Asali ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo hupatikana kwa uchache na kupendwa kama dawa, nayo hupewa bei ya juu zaidi.

Wazee wengine hukunja uso na kusema huu ni urembo mtupu. Sisi hatuoni hivyo. Kuvika kitu kizuri vazi zuri si uongo, kama vile bibi arusi hadanganyi mtu kwa kuvaa vizuri. Usafi wa chupa, mfuniko ubanao, kibandiko kisemacho asali ilirinwa wapi na lini, yote hayo ni heshima kwa mlaji. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hata chema chahitaji chombo safi.

Ila tuangalie mambo mawili. La kwanza, kibandiko ni ahadi. Kikisema "asali ya Tabora" na ndani mmechanganywa, basi uongo umepigwa chapa. Kikisema "asali na tangawizi", hapo hakuna kosa, maana kilichoongezwa kimetajwa. La pili, tuulize bei ile ya juu inaishia wapi. Ikiwa utepe na kioo vimeipandisha mara nne, na yule aliyepanda mti usiku hakuongezewa hata shilingi, basi zawadi ile tamu ina jasho la mtu ndani yake ambalo halijalipwa. Mtoaji hawezi kulijua kila jambo, lakini kuuliza aweza.

MIKONO MINGI

Sisi wa njia ya misafara twajua vizuri mambo ya vitu kupita mikononi mwa watu wengi. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne! Katika safari za namna hiyo kila jora la nguo na kila kilo ya pembe ilikuwa juu ya kichwa au bega la mtu, wengi wao wakiwa Wanyamwezi, nao walijulikana kila mahali kwa kuifikisha mizigo.

Kinyume chake twajua pia. Livingstone alipofika Ujiji mwezi wa Oktoba 1871, amechoka na mgonjwa, alikuta mali aliyotumiwa kutoka pwani imekwisha kuuzwa yote na mtu aliyekabidhiwa kuitunza. Alibaki karibu kuwa mwombaji, mpaka Stanley alipomfikia, na baadaye wote wawili wakakaa Kwihara, kilomita chache kutoka hapa petu, mwanzoni mwa mwaka 1872. Wale waliomtumia vitu vile walikuwa na nia njema. Tatizo lilikuwa mkono mmoja katikati.

Chupa ya asali nayo ni msafara mdogo. Mrina, mchuuzi wa kijijini, mwenye ghala, muuzaji wa stendi, msafiri, mwisho mama mkwe Dar es Salaam. Mkono mmoja tu ukiharibu, wa mwisho ndiye aumiaye, naye hamjui mkosaji. Amjua mmoja tu: yule aliyemletea. Hivyo muuzaji atiaye sukari asijidanganye kwamba amemwibia mnunuzi shilingi elfu kadhaa basi yakaisha. Ametia uongo katika kinywa cha mtu asiyejua kwamba anasema uongo. Ameingia nyumba asiyoijua, akaharibu jina la mtu ambaye hajamkosea.

ZAWADI NA HONGO

Liko jambo lingine ambalo hatuwezi kulipita. Asali yaweza kuwa safi kabisa, ya kwanza kwa ubora, na bado zawadi ikawa ya uongo. Ni pale inapopelekwa ofisini kwa mtu mwenye faili letu mezani.

Tunalo neno "hongo". Wengi hawajui kwamba neno hili lilitembea njia yetu hii. Katika karne ya 19, hongo ilikuwa ushuru ambao misafara iliwalipa watemi na machifu ili wapitishwe katika nchi zao, hasa Ugogo. Ililipwa kwa nguo, shanga na nyaya. Wasafiri waliinung'unikia sana katika vitabu vyao. Lakini tuangalie: ilidaiwa mchana, ilijadiliwa mbele ya watu, na mambo yakiisha ngoma ilipigwa ili wote wajue kwamba msafara umeruhusiwa. Leo neno ni lile lile, lakini ngoma imenyamazishwa. Hongo ya siku hizi hupita chini ya meza, au katika mfuko, au katika kindoo kizuri cha asali chenye maneno, "Mzee, nimekuletea kidogo kutoka nyumbani." Nchi yetu imelihangaikia jambo hili. Tume ya Jaji Warioba ilitoa taarifa yake mwaka 1996, na sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ikatungwa mwaka 2007. Lakini hakuna sheria iwezayo kusimama mlangoni pa kila ofisi kuonja kila chupa.

Mtu atauliza, "Je, Yakobo hakufanya vivyo hivyo?" Ni swali zuri. Wakati wa njaa Yakobo aliwaambia wanawe wamchukulie mtawala wa Misri mazao bora ya nchi: zeri, asali kidogo, manukato, kokwa na lozi. Nia yake ilikuwa kulainisha moyo wa mtu yule, hilo halifichiki. Lakini soma vizuri. Aliwaamuru pia wachukue fedha maradufu, pamoja na ile iliyorudishwa ndani ya magunia, ili nafaka ilipwe kwa haki. Zawadi yake haikuwa badala ya malipo, wala haikuwa ya kununua hukumu. Asali yetu ya ofisini mara nyingi ni badala ya kitu: badala ya foleni, badala ya sifa ya kazi, badala ya haki ya mwingine aliyetangulia.

Basi tutumie kipimo cha ngoma. Kabla ya kukabidhi chupa tujiulize: je, kama ngoma ingepigwa sasa hivi, na wote walioko kwenye foleni wakasikia nimempa nani nini na kwa sababu gani, ningeona haya? Bwana wetu alikataza tupige baragumu tunapotoa, na hatusemi tuipige. Alikataza majivuno. Lakini kunyamaza kwa unyenyekevu ni jambo moja, na kunyamaza kwa hofu ni jambo lingine. Zawadi njema haihitaji ngoma, wala haiiogopi. Tena kipimo cha pili ni wakati. Subiri jambo lako liamuliwe kwanza. Ikiwa baada ya uamuzi, hata ukiwa umekunyima, bado moyo wako ungependa kumpelekea asali mtu yule, huo ni upendo. Kama hamu imekwisha, ulikuwa unanunua.

WALIOLIPA BILA KUULIZWA

Katika kila chupa yuko mwingine ambaye hatumfikirii: mti. Mzinga wa gome hupatikana kwa kulivua gome la mti mzima mzima, na mti uliovuliwa hivyo hufa. Mzinga wenyewe huoza baada ya misimu michache, ukahitaji mti mwingine. Kwa upande mwingine tumbaku yetu nayo hukaushwa kwa kuni, na mashamba yanapanuka. Maua yakipungua, asali hupungua. Asali ikipungua na wateja ni wale wale, kishawishi cha kujazia sukari huongezeka. Kwa hiyo kulinda msitu na kusema kweli sokoni ni ndugu wawili wa tumbo moja. Mrina atumiaye mizinga ya mbao, na azimaye moto wake vizuri kabla ya kuondoka porini, amelinda ukweli wa chupa ambayo bado haijajazwa.

Pia tuwakumbuke wadogo. Asali hupelekwa sana kwa mama aliyejifungua. Ni vizuri, lakini madaktari wanatuonya kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata kidogo, hata ikiwa safi namna gani, kwa kuwa yaweza kuwa na mbegu za vijidudu ambazo tumbo lake changa haliwezi kuzishinda, zikamletea ugonjwa wa kulegea mwili. Nao wenye kisukari wasidanganywe kwamba asali haiwahusu. Kumpa mtu kitu chema bila kumwambia hatari yake ni kumpa nusu ya kweli.

NAYE APOKEAYE

Limebaki swali moja gumu. Umepewa asali, na umegundua si asali. Useme au unyamaze?

Kusema mbele ya watu ni kumvunjia mwenzako heshima, na huenda yeye mwenyewe alidanganywa. Lakini kunyamaza kabisa nako si wema. Atakwenda tena kwa muuzaji yule yule, atanunua tena, atampa mwingine. Adabu yetu ikigeuka kuwa kificho cha mwizi, si adabu tena. Sisi twashauri njia ya katikati: kwanza shukuru kwa safari na kwa moyo. Kisha, siku nyingine, mkiwa wawili, useme kwa upole, "Ndugu yangu, ulinunua wapi ile asali? Nahofia walikudanganya." Umemlinda yeye, na umewalinda watakaofuata. Na usiseme kabla hujawa na hakika, tusije tukamhukumu mtu kwa chembechembe za asali iliyoganda.

Wapenzi, wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Sisi twasema, tumfuate pia katika kazi yake. Nyuki haongezi maji. Huyapunguza mpaka kibaki kilicho cha kweli, ndipo huziba mlango. Mtoa zawadi naye na afanye hivyo: apunguze majivuno, apunguze hila, apunguze haja yake mwenyewe, na kinachobaki, hata kiwe kidogo, akizibe na kukipeleka.

Sisi wa Isevya tunaishi katika mji ambao jina lake limeandikwa juu ya chupa nyingi ambazo hatukuzijaza. Kila mmoja wetu ajazaye, auzaye, abebaye au atoaye, aipe chupa yake kweli inayostahili jina hilo. Mungu atujalie mikono safi na ndimi za kweli, ili wale wa mbali waonjapo utamu wetu wasione uchungu baadaye.

Amina.